Neno Juu ya Mlango wa Nyumba ya Muyeye

Mvua ikinyesha Malindi, miaka ile ya themanini, ilikuwa inaniangukia mimi kwanza. Nataka uniambie hoteli ya ufuoni iliyokuwa haina makuti yangu juu yake. Mzungu akilala chali kitandani, toka Malindi mpaka Mambrui, akitazama juu anatazama kazi yangu. Wengi wao walikuwa hawajui. Mimi nilikuwa najua, na hiyo yatosha.

Shule niliiacha darasa la pili, kwetu upande wa Magarini, siku ambayo mwalimu aliniuliza jambo, nilipokawia akataka nisimame niseme "sijui" mbele ya wenzangu. Nikaona bora niende zangu. Nikashuka mjini na panga la kuazima. Nikabeba makuti ya watu, nikaezeka nyumba za watu, nikasilimu nikiwa kijana, nikaoa mke wa mjini mwenye ulimi, na kabla ndevu hazijakaza nikawa na uwanja wangu, wanawake wa kunishonea makuti, na mkokoteni. Kalamu sikuwahi kuihitaji. Waliokuwa na kalamu walikuja kwangu kutafuta kivuli.

Habari ya nyumba ya Muyeye ilianza juu ya paa. Nilikuwa naezeka baa ya hoteli moja, na meneja wake, Mjerumani mwenye masikio mekundu kama kaa aliyechemshwa, akasimama chini kunitazama. Tulikuwa tumezoeana.

"Wewe pesa yako weka wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha jikoni.

"Penye usalama," nikamjibu. Zilikuwa chini ya godoro.

"Kwetu, watu weka pamoja. Jenga nyumba ya watu maskini. Kodi ndogo. Mwisho ya mwaka kila mtu pata yake kidogo."

"Kodi ndogo, faida iko wapi?"

"Tajiri yeye hama-hama. Maskini hapana hama. Chumba hapana lala tupu."

Nilielewa kabla hajafunga mdomo. Wengine wangehitaji kwenda chuo kikuu kwa jambo hilo. Mimi lilinitosha nikiwa na fito mkononi.

Maana nilijua Muyeye. Wafagiaji wa hoteli, wafua mashuka, wauza vitafunio, wote walikuwa wanasongamana huko. Na nyumba nyingi za huko, kama kawaida ya pwani yetu, zilikuwa nyumba bila ardhi: kuta zako, paa lako, lakini mchanga ulio chini ni wa bwana mwingine, nawe humlipa kila mwezi ili nyumba yako ipate ruhusa ya kusimama. Siku bwana huyo akiuza, unang'oa mlango na boriti zako, unajitwika, unaondoka.

Jioni ile nikaenda dukani kwa fundi cherehani, ndiko tulikokuwa tukikaa kunywa kahawa.

"Tutanunua kiwanja chenye hati yake," nikawaambia. "Tutajenga nyumba ya vyumba, ukumbi katikati, uwa nyuma, kisima. Kila mtu atanunua fungu kwa uwezo wake. Tutapangisha wanyonge kwa kodi ya wanyonge, na haitapanda mpaka sote tukubali."

"Wanyonge ndio sisi," akasema muuza samaki. "Tujipangishie wenyewe?"

"Mnyonge gani wewe, mwenye tumbo hilo?"

Fundi hakuinua macho kwenye kola aliyokuwa akishona. "Yakhe, pesa zangu nimezipata sindano kwa sindano. Nikikupa, nawe ukatoroka nazo?"

"Nitoroke niende wapi? Malindi nzima iko chini ya paa langu."

"Huyu atatuzika," fundi akawaambia wenzake. Na ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa.

Shirika letu tukaliita Amana. Watu hawakuwa wengi, na fungu langu peke yangu lilikuwa nusu ya nyumba. Sikutaka kuwazidi hivyo, ila walikuwa wachovu wa mifuko. Nyumba ikasimama: kuta za mawe ya matumbawe, baraza mbele, na juu makuti yangu, yaliyoshonwa kwa mkono mzito hata njiwa alikuwa akitua anateleza.

Chumba cha kwanza, karibu na mlango wa mbele, tulimpa Bibi wa mahamri, mjane wa dobi. Alikuwa akikaanga alfajiri chini ya upenu, na nusu ya wafanyakazi wa hoteli wakipita wakinunua. Mwanamke yule alikuwa amehamishwa kila mahali alipokaa. Mwenye ardhi akiuza, Bibi yumo njiani na sanduku lake. Alikuja kwetu na sanduku hilo hilo la mbao, limefungwa kwa kamba ya makumbi, likazungushwa mara nyingi na kukazwa kwa mafundo ya kuogofya. Wenzake walitundika nguo na picha siku ile ile. Yeye akaliweka sanduku chini, akalikalia.

"Bibi, fungua mzigo," nikamwambia. "Umefika."

"Nimefika mara nyingi, mwanangu."

Na kweli hakulifungua. Akitaka kanga, alikuwa akipenyeza mkono chini ya kifuniko, akavuta taratibu kama mtu anayetoa pweza mwambani.

Kabla wapangaji hawajaingia tulifanya dua, nami nikataka nyumba iwe na neno juu ya mlango. Si nyumba ya hivi hivi ile. Nikamwita mchoraji wa vibao. Akauliza aandike nini.

Sasa, mimi nilikuwa mtu wa kutazama sana. Kule msikitini, saa kubwa ya ukutani ilikuwa imeandikwa WAKFU chini yake, pamoja na jina la aliyeitoa. Mikeka mizuri, WAKFU. Mtungi wa maji mlangoni, WAKFU. Hata lile sufuria kubwa la mtaa la kupikia pilau za harusi, ubavuni mwake WAKFU. Kila kitu cha heshima katika mji ule kilikuwa na neno hilo. Sikuwahi kuliona kwenye kitu kibovu. Kwangu mimi maana yake ilikuwa wazi: hiki kimetolewa na mtu mkubwa.

"Andika WAKFU," nikamwambia.

Mchoraji akanitazama. "Una hakika, ami?"

"Na herufi ziwe nene."

Siku ya dua watu walijaa. Mwalimu wa chuo, anayesomesha watoto wa mtaa Kurani, alisoma. Halwa ikapita, kahawa ikapita, kisha nikasimama juu ya baraza nikiwa na kanzu mpya, nikanyoosha kidole juu ya mlango, nikasema kwa sauti iliyofika sokoni: "Enyi jamaa! Fungu langu katika nyumba hii ni wakfu kwa wanyonge watakaokaa humu!"

"Mashallah!" watu wakaitikia. Mwalimu akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Fundi cherehani halwa ilimpalia, akapigwa mgongoni mpaka macho yakamtoka. Nikajua ni kijicho. Usiku mke wangu akaniuliza kama nina homa, na hilo pia nikalihesabu kuwa ni kijicho.

Nyumba ikaenda vizuri. Hakuna chumba kilicholala kitupu. Na jiko la Bibi, kila alfajiri, likawa linapeleka moshi wake ukutani, mpaka juu ya mlango kukawa kweusi kama sakafu ya tanuri. Neno likazama humo. Hakuna aliyelikumbuka, hata mimi. Nilikuwa na mambo mengi.

Masika ya mwaka uliofuata ilipokwisha, akaja dalali. Kijana wa mjini, wa nyumba ya dini, viatu vinang'aa, marashi yanatangulia. Ana Mtaliano wake anayetaka kujenga jumba la kupumzikia, na kiwanja chetu kimempendeza kwa kuwa kina hati safi. Bei aliyoitaja ilimfanya muuza samaki aombe kiti.

Tukakubaliana palepale dukani kwa fundi. Amana ilikuwa imezaa. Basi tuichinje, tugawane. Mimi nilikuwa na hamu ya pikapu. Mtu wa cheo changu, kusukuma makuti kwa mkokoteni! Nilikuwa nimeshaamua mpaka rangi yake. Nikaenda Mtwapa kwa kazi nikakuta kwa muuza vyuma honi ya shaba, ya zamani, yenye mpira wa kuminya, kwa bei ambayo ingekuwa dhambi kuiacha. Nikainunua. Nikawa nakaa barazani kwangu jioni naiminya: paaap.

"Gari liko wapi?" mke wangu akauliza kutoka ndani.

"Liko njiani."

"Ndiyo unalipigia honi lije?"

Habari zikafika Muyeye kabla yetu. Nilipopita asubuhi, Bibi hakulia, hakunilaani. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia marahaba, akanipa hamri la moto kama kawaida, akaniuliza, "Mwanangu, tuhame kabla ya Ramadhani au baada? Nataka kujua nijaze unga au nisijaze."

"Bibi, nitakutafutia mahali pazuri."

"Ndiyo," akasema kwa upole. "Hivyo ndivyo husema."

Nilipoondoka nilichungulia chumbani. Ile kamba ya sanduku ilikuwa imeongezwa fundo jingine.

Hamri lile sikulimaliza. Lakini nilikuwa nimeshatoa neno, na Mtaliano alikuwa anakuja kutazama. Nami sipendi mgeni aone nyumba yangu chafu. Nikaamuru uso wa nyumba usuguliwe, ukuta mzima, mpaka chokaa ionekane. Wapangaji wakatoka na ndoo. Na nani alipanda kigoda kusugua juu ya mlango? Bibi mwenyewe. "Moshi ni wangu," akasema, "nitauondoa mwenyewe."

Hivyo Mtaliano alipofika, kaptula nyeupe, anacheka na kila mtu, ukuta ulikuwa bado unachuruzika maji. Sote tulikuwepo: mimi, fundi, muuza samaki na wengine wenye mafungu. Mke wangu naye alikuja, ushungi usoni, kwa kuwa hakuwa tayari kusimuliwa. Mtaliano akatazama makuti, akayasifu. Akatazama baraza, akaisifu. Kisha akanyoosha kidole juu ya mlango, akamuuliza dalali ni neno gani lile zuri.

Dalali akainua uso. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hili nani kaliweka?"

"Mimi," nikasema, nikatoa kifua.

"Kama pambo?"

"Pambo gani! Nilitamka kwa kinywa changu, mbele ya halaiki."

"Nilikuwepo," akasema fundi, kwa sauti ya mtu mwenye jino bovu. "Halwa ilinipalia. Halafu moshi ulipolifunika nikasema alhamdulillahi, limekwisha."

Dalali akakaa barazani. "Ami, wakfu hauuzwi. Haurithiwi, haurudishwi. Si wewe, si mwanao, si mjukuu wa mjukuu wako. Ukishatamka, mali imekutoka. Nusu ya nyumba hii haina mwenyewe duniani. Ni ya hawa," akaonyesha wapangaji na ndoo zao, "na mlinzi wake ni Mungu. Sasa nikamuuzie Mtaliano nusu ya ukumbi?"

Mtaliano akaniuliza nini kimetokea. Nikamwambia nyumba imepata bwana mwingine. Akauliza ametoa bei gani.

Wakamwita mwalimu wa chuo. Alikuja haraka, chaki bado vidoleni, akasikiliza kila upande, kisha akanigeukia.

"Ulitamka kwa hiari yako?"

"Kwa hiari na kwa sauti."

"Ulikuwa na akili timamu?"

"Hilo niulize mimi, mwalimu," mke wangu akasema, na watu wakaangua kicheko, hata dalali.

Mwalimu alingoja kicheko kiishe. "Basi umebaki mlango mmoja tu," akasema. "Mtu akitamka neno asilojua maana yake, akalisema kama kasuku, neno hilo halimfungi. Wewe hukusoma, si aibu. Kama siku ile hukujua maana ya wakfu, sema hapa, mbele ya mashahidi, 'Sikujua.' Uza mali yako na hakuna atakayekulaumu."

Nikawatazama jamaa zangu. Fundi midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti: sikujua, sikujua, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Muuza samaki alikuwa ameshafumba macho, anaomba. Mimi nikaliona pikapu langu, rangi yake, na makuti yamepangwa nyuma. Neno moja tu lilikuwa katikati yetu.

Nikamtazama na Bibi. Alikuwa amesimama mlangoni pake na kitambaa cha kusugulia, maji ya masizi yanamtiririka mpaka kiwikoni. Hakuwa ananiomba. Alikuwa anangoja tu, kama anayengoja kuambiwa saa ngapi. Nyuma yake sanduku limefungwa tayari.

Neno lile sikulisema darasa la pili, mbele ya watoto wenye kamasi. Nilisemee Muyeye, mbele ya Mtaliano, dalali, mke wangu na fundi cherehani? Na huku nyuma nina mwanamke aliyechoka kufika?

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua?" mwalimu akauliza.

"Nilijua. Na ninajua. Wakfu ni wakfu."

Nawe usije ukaniambia nilisema uongo. Wakati ule nilikuwa nimeshaelezwa na dalali, neno kwa neno. Kwa hivyo nilikuwa najua. Na siku ya dua nilijua kuwa ni neno la mtu mkubwa, na hilo nalo lilikuwa kweli. Mwalimu mwenyewe aliniambia baadaye kwamba kutoa vile si kazi ya mtu mdogo. Wasomi hujifunza jambo kwanza kisha wakalitenda, kama hawakusahau njiani. Mimi nililitenda kwanza.

Fundi alivua kofia akaipiga chini. "Ewe mtu wewe! Umetuzika wazima!" Akaiokota, akaikung'uta, akaipiga chini tena. Muuza samaki ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka tumbo lake likawa linatembea peke yake. Dalali alimweleza Mtaliano kwa mikono na miguu. Mtaliano akauliza kama japo mahamri yanauzwa. Akala matatu wima, mafuta yakimchuruzika kidevuni. Alipata kiwanja kingine baadaye, na alipofika kwenye kuezeka alimwambia dalali anamtaka yule mtu wa neno mlangoni, maana mtu yule hawezi kumwezekea makuti mabovu. Nimemwezekea. Paa lile linapendeza mpaka unataka mvua inyeshe.

Wenzangu waliendelea kupata chao kila mwaka, kidogo kidogo, kama Mjerumani alivyosema. Fundi aliendelea kupokea na kulalamika, vyote kwa mkono mmoja. Fungu langu mimi likawa linatengeneza choo, linachimbua kisima, linapunguzia kodi aliyeugua. Sipati hata senti, na hakuna mtu Malindi ambaye sijamwambia.

Lakini nilitaka nikusimulie alasiri ya siku ile ile, watu walipokwisha kutawanyika. Nilirudi na mkokoteni wangu, nimebeba makuti ya kazi ya kesho, mzigo umepinda kwa kuwa kamba yangu ilikuwa imechakaa. Bibi akaniita kutoka dirishani. Nikaenda.

Sanduku lilikuwa wazi. Humo ndani hamkuwa na kitu cha kufungiwa kamba namna ile: kanga, sahani za maua, na pasi ya mkaa ya marehemu dobi. Pasi alikuwa ameshaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, inatazama barabarani kama mwenye nyumba. Kamba ilikuwa mkononi mwake, ndefu ajabu, imejikunja kila palipokuwa na fundo.

"Chukua," akasema. "Kafungie makuti yako. Mimi haina kazi kwangu."

"Ahsante, Bibi."

"Mwanangu, wajua maana ya wakfu?"

"Bibi! Si nimesema mbele ya watu wote kwamba najua?"

"Sasa hapa hakuna watu."

Nikakohoa. Nikatazama juu ya mlango, herufi zangu nene zimekauka, nyeusi juu ya chokaa.

"Maana yake," nikamwambia, "ni kwamba ujaze unga."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Nikaukaza mzigo kwa ile kamba, hata kuti moja halikutikisika, nikaifunga ile honi ya shaba kwenye mshikio wa mkokoteni, nikaondoka Muyeye katikati ya barabara naiminya: paaap, paaap. Na watu wakapisha.